Mlango wa Kabla ya Saa Nane

Mwaka ule wa karantini nilikuwa naendesha vani ya mizigo huku magharibi ya Sydney. Utaratibu wa kazi ulikuwa mmoja: unaweka boksi mlangoni, unabonyeza kengele, unapiga picha, unaondoka kabla mwenyewe hajatoka. Siku nzima milango tu, hakuna uso.

Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na kwetu huwezi kusimama mlangoni kwa mtu ukanyamaza. Kila nyumba nilisema hodi kimoyomoyo. Siku moja pale Blacktown ikanitoka kwa sauti, na ndani mtu akaitikia, "Karibu!" Nusura niangushe boksi.

"Shikamoo, mama!"

"Shikamoo ya nini? Unanizeesha, kijana!"

Alikuwa Mkenya, muuguzi wa kitengo cha dharura, akiishi peke yake. Tukawa tunaongea dakika mbili tatu, yeye nyuma ya wavu wa mlango, mimi huku kwenye njia ya bustani. Kila wiki akawa anaagiza kitu.

"Dada, hii si sufuria ya tatu?"

"Wewe leta tu. Kwani unapika wewe?"

Kuna siku sauti yangu ilisikika mara moja tu tangu asubuhi, na ilikuwa pale. Yeye alikuwa anaondoka kwenda kazini saa nane mchana. Simu ya kazi ndiyo iliyotupangia njia sisi madereva, lakini siku za mzigo wake niliivuruga makusudi ili nimuwahi.

Majira ya machipuko yalipoingia, akaanza kunionya. "Mvua ikinyesha baada ya jua la wiki nzima, mafuta yanapanda juu ya lami. Punguza mwendo, acha nafasi mbele yako. Na maua ya jakaranda yakilowa yanateleza vibaya. Mimi napokea watu wa haraka kila siku. Sitaki kukuona kazini kwangu, umeskia?"

"Nimesikia, dada."

Nilisikia, lakini sikushika.

Siku moja ya mzigo wake nilichelewa kutoka Penrith. Mvua ilikuwa imepita muda si mrefu, jua likatoka likimulika lami mpaka macho yanauma. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Nikaingia mtaa mmoja wa mteremko, mijakaranda pande zote mbili, barabara yote zambarau. Uzuri wake! Nikawa naota nyumba yangu ya baadaye, yenye mti kama ule uani, na mimi nimekanyaga pedali ya mafuta.

Mbele yangu mzee alikuwa akiendesha baiskeli. Ndege mmoja mweusi mwenye mabaka meupe, mmoja wa wale wenye ukali wakiwa na makinda, akamshukia kichwani. Mzee akayumba hadi katikati ya barabara. Nikakanyaga breki. Vani haikusimama, iliteleza juu ya maua, taratibu, kama haina mwenyewe. Nyuma maboksi yakaporomoka. Iliposimama, mzee alikuwa hatua mbili mbele ya boneti yangu, mguu mmoja chini.

Hakunitukana. Alinitazama juu ya barakoa, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Nilisogeza vani pembeni, nikashuka kupanga upya maboksi. Saa ikasema bado dakika tisa kufika saa nane, ningeweza kumuwahi kama ningekimbiza tena. Nilitamani mno ile "Karibu". Nikawasha taa za tahadhari, nikaenda polepole, magari yakinipita na honi zao.

Nilifika saa nane na robo. Gari lake halikuwepo. Niliweka boksi, jepesi tu safari hii, nikapiga picha. Nikasema, "Hodi!" Nikajiitikia mwenyewe, "Karibu," nikacheka, na machozi kidogo yakanitoka.

Nikarudi kwenye vani nikafunga mkanda. Sikumkuta nyumbani kwake siku ile. Na yeye hakunikuta kazini kwake.