Mjumbe wa Uchina na Vitenge vya Shangazi

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka Kigoma kila wiki, nyumbani kwetu Gungu alipanga mwalimu kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Mkewe alibaki huko. Jioni alinifundisha historia barazani, bila kitabu, huku shangazi yangu akichambua mchicha na kujifanya hasikii.

Siku moja akanisimulia Wachina wa kale na Warumi. Warumi walivaa hariri ya Uchina wakiamini kwamba inachanwa kwenye majani ya miti. Wachina nao wakaandika kuwa kondoo wa huko kwa Warumi huota ardhini, kama mihogo. Watu wazima, tena wenye majeshi! Mwishowe Wachina wakatuma mjumbe akawaone hao Warumi. Alipofika baharini, mabaharia wakamwambia abebe chakula cha miaka mitatu, na kwamba wengi hufa njiani kwa kukumbuka nyumbani. Mjumbe akageuza.

"Walimdanganya," shangazi akadakia. "Si wao ndio waliokuwa katikati, wananunua huku wanauza kule? Angepita wangekula nini?"

"Njo vile, mama!" Mwalimu akacheka. "Lakini namwelewa huyo mjumbe. Vita vimetulia, nataka kumfuata mke wangu, na mwenye boti pale Kibirizi anasema mawimbi yanameza watu."

Shangazi akaacha mchicha. Yeye aliuza vitenge soko la Mwanga, akiwaapia wateja vimekuja kwa ndege kutoka Uholanzi.

"Mwalimu, usinichukie. Maneno hayo nilimpa mimi, amwambie kila anayetaka kuvuka. Sitaki wenzangu sokoni wajue ninakochukulia mali."

Mwalimu alimtazama mpaka nikadhani atarusha kiti.

"Miezi miwili, mama. Miezi miwili nalala peke yangu kwa ajili ya vitenge!"

Kesho yake shangazi alimpeleka Kibirizi mwenyewe, akamtukana mwenye boti kana kwamba uongo ulikuwa wake, akamfungia mwalimu dagaa wa njiani.

Baada ya wiki mbili mwalimu alirudi na mkewe, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kusikika soko zima. Asubuhi mke huyo akaenda Mwanga kumshukuru shangazi, akakuta meza imezungukwa na wateja. Akashika kitenge, uso ukamchangamka.

"Ee! Bikwembe ya kwetu Kalemie! Huku pia iko?"

Mwezi haukuisha, wanawake wa Mwanga wakawa wanapanga foleni ya boti Kibirizi. Shangazi alimnunia mwalimu wiki nzima, na mimi akaniambia nisome hisabati.