Kona ya Mwisho Kabla ya Kutua

Asubuhi nilibandikwa beji ya rubani kifuani, jioni nikaambiwa mimi ni mkufunzi wa shule ya urubani ya jeshi. Mji wa Lubumbashi ulikuwa umeporwa, wakufunzi wa kigeni wamekwenda kwao, na sisi vijana tuliobaki tukageuzwa wazee wa kazi kabla hata ndevu hazijakamilika. Sikufurahi. Niliogopa, na woga wangu hutoka kwa njia ya kelele.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alinizidi umri. Alikuwa sajini, mtoto wa mjane aliyeuza makala, yaani makaa, mtaani Bel-Air, mpole kupita kiasi.

"Haraka haraka haina baraka, mon lieutenant," alipenda kuniambia.

Nilimjibu kwamba msemo huo ni wa watembea kwa miguu. Angani mwenda pole huanguka. Kila tulipokata kona ya mwisho kabla ya kutua, alipoteza mwendo, ndege ikaanza kutetemeka, nami nyuma yake nikapayuka: "Mwendo!" Hapo ndipo alipoinamisha pua ya ndege, nayo ikashika kasi tena.

Siku moja mkuu wetu akatuita. Shule inafungwa, petroli iliyobaki inatosha mruko mmoja tu. Sajini asiporuka peke yake leo, atarudi kulinda ghala na urubani utamwishia hapo.

"Weye njo moniteur," mkuu akaniambia, yaani mkufunzi. "Décision iko yako."

Nilishuka, nikamwachia ndege. Nilitaka kumpa mawaidha marefu, nikaishia kumkazia mkanda.

Alipaa vizuri, akazunguka juu ya mtaa wao wa Bel-Air, akarudi. Kwenye kona ile ile nikasikia injini inafifia. "Mwendo!" nikapayuka, nimesimama kwenye majani kama mwendawazimu. Nani angenisikia? Pua ikabaki juu. Sijawahi kuogopa hivyo nikiwa ndani ya ndege. Kisha pua ikainama, injini ikanguruma, na magurudumu yakagusa lami.

Alishuka akicheka, akanyooshea injini kidole. "Kumbe moteur iko na sauti yake, mon lieutenant! Weye ulikuwa unaifunika na makelele."

Sisi marubani humwagiwa maji siku ya kuruka peke yetu kwa mara ya kwanza, lakini mabomba yalikuwa makavu mji mzima. Mama yake sajini alikuwa amekuja na bidoni kichwani, dumu la maji ya kisima. Akammwagia mwanawe nusu, akakifunga kifuniko.

"Hii ingine iko ya kupika bukari," akasema. Bukari ndiyo ugali wetu.

Halafu akaniona nimesimama pembeni.

"Na weye, mwana wangu? Na weye njo mara yako ya kwanza kubaki chini."

Akafungua tena, akanimwagia yote kichwani. Nikapiga kelele: baridi, na furaha.

"Mama, na bukari?"

"Leo tutachoma mahindi. Bukari tutakula kesho," akasema, akiitikisa bidoni tupu. "Kesho iko."