Viwavi wa Tawi Moja

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilirudi Ifakara nikiwa nimechoka kukata miwa. Dada yangu mkubwa alinipokea kwake Lumemo bila kuniuliza lolote, na kutoulizwa huko kulinitia wasiwasi. Shule niliiacha darasa la sita. Tangu hapo sikuwahi kukaa mahali miezi sita, wala kumaliza nilichoanza.

Nyuma ya jiko kulikuwa na mlimao mchanga ambao dada aliuleta kutoka Mkula akiwa ameupakata njia nzima. Siku moja nilimwona kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano akigusisha mkia kwenye majani machanga, jani moja yai moja, dogo kama punje ya ulezi. Nikahesabu kumi na moja. Kesho yake yalibaki saba, na sisimizi walikuwa wamepanga mstari kwenye shina. Nikafunga hapo kitambaa kilicholowa oili chafu, wakashindwa kupita.

Viwavi saba wakaanguliwa, wakifanana na mavi ya ndege. Wawili walidonolewa na kuku. Wengine walipoanza kuwa kijani akaja nyigu, akamkata mmoja vipande mbele ya macho yangu na kuruka naye.

Dada akaona majani yaliyoliwa. "Unawafuga?"

"Nataka kuona wanavyogeuka."

"Kwa hiyo mlimao wangu ndiyo shule yao."

"Tawi moja tu, dada."

"Wewe hujamaliza darasa la saba, utawamalizisha viwavi?" Akaliangalia tawi. "Haya. Moja. Nikikuta la pili limeliwa, nawaondoa wao na wewe."

Wiki hiyo yeye na shemeji walikuwa wanahamia Idete kuinga ndege kwenye mpunga. Kabla ya kuondoka aliniachia kazi ya kuchovya vyandarua kwenye dawa ya mbu. Nilichovya viwili vizima kwenye beseni. Dawa ilibaki, nikaona hasara kuimwaga, nikachovya na kile kikuukuu kilichochanika, nikavianika vyote kwenye mkeka kivulini.

Nikabaki na nyumba, kuku na viwavi wanne. Nilitaka mmoja tu afike mwisho nikiwa nimesimama pale. Nyigu alipozidi kurudi, nikachukua kipande cha kile chandarua kikuukuu, nikalivika tawi zima na kulifunga kwa mpira wa baiskeli. Nyigu akaja, akatua juu ya wavu, akatembea kidogo, akaanguka. Nilicheka peke yangu. Nikaingia kupika ugali.

Asubuhi viwavi walikuwa wananing'inia, watatu wakiwa wamekufa. Mmoja alishikilia kijiti kwa miguu ya nyuma, kichwa kikiyumba, ute wa kijani ukimtoka. Nilichana wavu, nikaosha majani kwa maji ya kisima, nikamhamishia yule mmoja kwenye tawi jingine. Hakufika adhuhuri. Mikono yangu yenyewe ilikuwa imeuchovya ule wavu kwenye dawa, na bado nilikuwa nikiiita dawa ya mbu kana kwamba inachagua wa kumuua. Niliwafukia nyuma ya choo, kisha nikachoma ule wavu. Sijui nilikuwa namficha nani.

Baada ya mavuno dada alirudi na shemeji, mpunga mpya kwenye baiskeli. Kabla hajakaa akaenda kwenye mlimao. Tawi la pili lilikuwa zima.

"Wadudu wako wako wapi?"

"Wameruka."

"Wote?"

"Wote wanne."

Akamwita jirani yake ng'ambo ya ua. "Huyu mdogo wangu amelea vipepeo mpaka wakaruka. Sisimizi, nyigu, wote amewashinda."

"Basi mtafutie mke," jirani akajibu. "Mtu mwenye subira hivyo anaoza bure hapo."

Wakacheka, nami nikacheka. Jioni dada alipika wali wa mpunga mpya, akanipakulia kwanza mimi, kabla ya shemeji. Akasema shemeji alikuwa na ekari moja Idete aliyotaka kunikatia, lakini yeye ndiye aliyekuwa anamzuia.

"Nilimwambia hutakaa," alisema. "Nilikosea. Chukua."

Shemeji aliitikia kwa kichwa huku akitafuna. Ilikuwa nafasi ya kusema kweli, na nilijua hivyo. Nikasema, "Asante, dada."

Mvua za kulimia zilipoanza, nilikuwa nimekwisha kuondoka. Nilisikia baadaye kwamba ile ekari dada aliilima mwenyewe, kwa jembe, mwaka ule wote akiwaambia watu ni ya mdogo wake.