Dungu Ndani ya Chumba

Mimi ni mtu wa ndani. Nikialikwa harusi Dimani, natamani nyumbani kabla pikipiki haijawashwa. Hata kikundi chetu cha akina mama niliingia kwa sababu vikao vilifanyika barazani kwangu, nikakosa pa kukimbilia. Tulipoamua kuwatafutia vyumba wanawake waliokuwa wakilala sokoni Kibiti, wifi yangu, dada wa mume wangu na mwenyekiti wetu, alinitazama akacheka.

"Tumtume konokono huyu. Nani anaijua raha ya nyumba kama yeye?"

Nikakabidhiwa mama mmoja wa Mbwera. Mafuriko yalikuwa yamembebea nyumba na mpunga, akapanda boti, kisha gari, mpaka huku, na tangu hapo akawa analala juu ya meza ya muuza nyanya, nyuma ya stendi. Walevi walikuwa wakimvuta khanga. Wakati mwingine walimvuta mguu. Hayo aliyasema kama mtu anayetaja bei ya dagaa.

Chumba tulikipata kwa mzee mmoja: bati jipya, sakafu ya saruji, komeo la ndani. Tukaweka godoro, tukaning'iniza chandarua. Mimi nikatoa pazia la sebuleni kwangu, nikajiona nimeshahiji.

Juma halijaisha, muuza nyanya akaniambia mgeni wake amerudi mezani.

Wifi akawaka. "Tumempa saruji, yeye anataka mbao!"

Mwenye nyumba naye akasema chumba kisicholaliwa hukaribisha wezi. Mama asipolala humo Ijumaa, kuna mwalimu anakitaka. Na chumba kingine hatukuwa nacho.

Nikashindwa kutulia. Nikaunguza wali, nikafagia ua niliokwisha kuufagia, nikakaa, nikainuka. Alhamisi, baada ya laasiri, nikajifunga khanga nikaenda. Nilimkuta kule chumbani, kwa kuwa mchana alikuwa akija. Usiku ndio alikimbia. Amekaa kizingitini, miguu nje.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja kukuuliza. Chumba kina nini?"

"Chumba kizuri. Pazia baya."

La pazia nikaliacha lipite. "Basi mbona unakikimbia?"

Akaipiga sakafu kwa kiganja. "Huku chini. Nikiweka kichwa tu, nasikia maji yanakuja. Sisi wakati wa mpunga tunalala dunguni, kwenye kichanja cha miti, tukilinda shamba. Nguruwe anapita chini, maji yanapita chini, wewe uko juu unawatazama. Siku ile nililala ndani ya nyumba, kwenye mkeka. Niliamka mkeka unaelea." Akaelekeza kidevu upande wa stendi. "Ile meza ya nyanya iko juu."

Na sisi sote ni watu wa bonde hilihili! Wifi mwenyewe alizaliwa dunguni, shambani Ngorongo, na hujisifu nako kila akigombana na mtu. Lakini tulipoona godoro jipya, akili zetu zikalala juu yake.

Ijumaa asubuhi tulifika na boriti zilizobaki kwenye ujenzi wa mume wangu. Wifi akashika msumeno. Mwenye nyumba akatokea, keshavaa kanzu ya msikitini, akasimama mlangoni.

"Mnanijengea dungu ndani ya nyumba ya bati? Humu mtalinda nguruwe gani?"

"Wa miguu miwili, baba," mama akamjibu. "Stendi wamejaa."

Mzee alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Kisha akauliza kama hatutamtobolea ukuta. Wifi akamwapia kuwa miti haitagusa ukuta.

"Haya. Akilala humu leo, mwalimu nitamwambia atafute pengine."

Dungu lilinifika kifuani, na ngazi yake fupi pembeni. Nikaamriwa kulijaribu mimi, maana wifi alisema likinibeba mimi litambeba yeyote. Nikapanda. Miti ikalia. Wenzangu wote wakanyamaza kwa adabu ambayo siku zote hawana.

Nikashuka, tukapandisha godoro, mama naye akapanda. Akajinyoosha, akageukia ubavu, akachungulia sakafuni kama mtu anayepima kina. Akakaa hivyo muda mrefu, hata nikaanza kufikiria tutamwambia nini mwenye nyumba. Halafu akashuka, akatusukuma nje pamoja na vumbi letu la mbao.

"Nendeni makwenu. Nataka kulala."

"Mchana huu?" wifi akauliza.

"Nani kakuuliza saa?"

Komeo likaingia, ngazi ikalia akipanda. Tukabaki uani. Wifi akataka kugonga aulize kama chandarua kinafika juu, nikamshika mkono. Upande wa mtoni wingu lilikuwa limekaa vibaya. Nikatega sikio mlangoni, nikingoja ngazi ilie tena, akishuka. Haikulia. Ukaja mkoromo.

"Kama injini ya boti," wifi akanong'ona, akaenda zake.

Mimi nikabaki. Mvua ilipoanza kulipiga bati niliacha hata kupumua, nikisikiliza. Mkoromo haukukatika.