Tone la Maji Juu ya Injini

Siku tuliyomtoa papa, baba yangu, chumba cha maiti kumleta nyumbani, nilisikia sauti niliyokuwa nimeizoea hadi nisiisikie tena. Wenzake, madereva wa pikipiki za abiria, walimsindikiza kama wanavyomsindikiza kila mwenzao: gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, honi juu, kutoka mtaa wa Makiso mpaka kwetu Kabondo. Mwendo huo ni mbaya kwa pikipiki za kwetu. Injini zake hazina maji ya kuzipoza. Zinapozwa na upepo, na usipokwenda, upepo haupo. Walipofika uani walizizima zote pamoja. Honi zikanyamaza, hata wanawake waliokuwa wakilia wakavuta pumzi, na katika kimya hicho nikaisikia: tik, tik-tik, tik. Ni chuma kinachojikaza kwa kupoa. Ua mzima ulikuwa ukitiktika, na harufu ya oili iliyoungua ikafunika harufu ya mishumaa.

Niliketi kwenye mkeka, nikawa mtoto tena.

Papa alipata pikipiki yake kabla sijaanza shule. Ilikuwa nyekundu, na injini yake ilikaa wazi kati ya miguu ya dereva, imezungukwa na vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama mbavu. Nilimwuliza mbavu hizo ni za nini. Akaniambia tembo ana masikio ya kujipungia, piki haina masikio, ina mbavu tu, kwa hiyo ni sisi wa kuipeleka kwenye upepo. Kila baada ya mvua alichuchumaa na uti wa jani la mchikichi, akachokoa udongo mwekundu uliokauka kati ya ubavu na ubavu, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto nta ya masikio. Udongo ukibaki pale, alisema, ni kama kumvalisha mgonjwa wa homa koti.

Alinifundisha pia kupima joto. Nachovya kidole kwenye kikombe, nadondosha tone moja juu ya mbavu. Tone likilia chii na kutoweka, injini bado haijapoa, tungoje. Likikaa na kuteremka kimya, twende. Tone moja tu, si kikombe kizima, maana chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na nilijiona mtu mkubwa.

Watu walimcheka kwa uangalifu wake. Nakumbuka siku moja sokoni mama mmoja alitaka kupanda na gunia la makaa na watoto wawili. Papa akakataa kwa heshima.

"Maman, motere itachemka."

"Ah, wewe! Unaiogopea hivyo? Hata bibi uliyemwoa humuogopei hivyo!"

"Bibi yangu anajipoza mwenyewe, maman. Anaenda kwa dada yake, anarudi amepola."

Wenye toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, wakacheka hadi mmoja akaangusha baiskeli yake. "Kuja huku, maman!" akaita. "Mimi motere yangu ni magoti!"

Sasa niwaambie kuhusu jina langu, la sivyo hamtaelewa kilichotokea. Niliitwa Mariamu kwa jina la mama yake papa, koko wetu. Kwetu mtu uliyepewa jina lake ni ndoyi wako, na mnahesabiwa kama mtu mmoja. Kwa hiyo papa hakuniita Mariamu hata siku moja. Aliniita Mama. Tonton zangu, ndugu za papa, walipokuja waliniamkia kwa heshima, wakaniletea samaki wa moshi, wakisema, "Mama, tulikuacha na njaa?" Na mtu akiwa na neno gumu asiloweza kumwambia koko usoni, aliweza kuja kuniambia mimi, na lilihesabiwa limefika. Mimi niliona ni mchezo. Nilipenda samaki.

Koko alipofiwa na mumewe alitoka kijijini, mbele ya Bengamisa kwenye barabara ya Buta, akaja kukaa nasi. Nilifurahi sana. Lakini hakuzoea mji, na mdomo wake haukuwa na kifuniko. Jioni moja, mbele ya majirani, alisema mwanawe huipangusa piki yake kila asubuhi lakini hajawahi kumwuliza mama yake amelalaje. Majirani wakacheka. Papa alikuwa amerudi amechoka, na mimi niliyekuwa pembeni ya mbabula, jiko letu la makaa, nilimsikia akisema, "Mama, kama hapa ni pabaya, kwako kupo."

Hakupaza sauti. Nadhani ingekuwa afadhali angepaza.

Asubuhi koko alifunga nguo zake katika kitambaa, akasimamisha toleka barabarani, akapanda. Papa alinibeba, akaniweka mbele yake juu ya tangi, akamfuata. Nakumbuka vizuri. Baiskeli ilikwenda polepole kwa sababu njia ilikuwa na mashimo, na papa hakutaka kuipita, alitaka kuwa ubavuni mwake. Gia ya kwanza, Makiso nzima, mpaka tukaushika mteremko wa kuelekea daraja la Tshopo. "Mama, shuka basi. Mama, tuongee." Koko alitazama mbele. Mwenye toleka ndiye aliyekuwa akigeuka, jasho likimtoka, hajui afunge breki au akanyage. Miguu yangu iliungua kwa joto la injini. Nilisikia ile sauti ambayo papa mwenyewe alinifundisha kuiogopa, kama kokoto ndani ya kopo. Yeye hakuisikia. Yeye, aliyemkatalia mama wa makaa, hakuisikia.

Pale darajani, maji ya maporomoko yakinguruma, injini ilikaza ghafla na kunyamaza. Gurudumu la nyuma likaburuza. Papa akakanyaga kiki, kiki ikagoma. Tulisimama pale tukaiona toleka inavuka na kitambaa cha koko kinapungua, kinapungua. Kama angegeuka mara moja angetuona tumesimama. Hakugeuka.

Fundi wa mtaani aliifungua injini, akasema pistoni imekwaruzwa, akaisugua akairudisha. Lakini tangu siku hiyo ilikuwa ikipata joto upesi. Ndipo papa akapata la kusema. Mama yangu akimwuliza lini ataenda kwa mama yake, alijibu, "Na motere hii? Njia ya Buta itaiua." Katika mji ilibeba abiria kutwa. Njia ya Buta tu ndiyo ingeiua. Miaka ikapita hivyo.

Koko hakukata mkono wake. Madereva wa malori walituletea ndizi, mafuta ya mawese katika dumu, nyama ya moshi. Kila mara waliambiwa waseme mzigo ni wa ndoyi. Wa papa haukuwepo. Papa alikula vyangu, akasema, "Mama, asante kwa chakula," na mimi nikamjibu kama malkia, "Kula, mwanangu." Nyumba nzima ilicheka. Yeye pia.

Kisha akaja mtu wa baiskeli za mizigo, miguu yote matope, akasema koko yu kitandani na anamwita ndoyi wake.

"Amemwita ndoyi," mama akamwambia papa. "Bon. Nani atampeleka, kama si wewe?"

Tuliondoka kulipopambazuka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Papa alikuwa amechokoa mbavu zote, amebadilisha oili, ameng'oa hata vile vikinga-matope vya miguuni ili upepo uingie. Mimi nilikaa nyuma na kikombe kimefungwa shingoni kwa kamba. Tukavuka daraja la Tshopo.

Njia ilikuwa mbaya kweli, sitamsingizia. Udongo ulishika magurudumu, injini ikavuta kwa nguvu bila kupata mwendo, na huko ndiko kuungua kwa injini ya upepo: kazi nyingi, upepo kidogo. Nguvu ilipoanza kulegea na harufu ya oili kupanda, papa alisimama, akageuza pua ya piki upande upepo unakotoka, akakaa. Mimi nilidondosha tone. Chii. Tukangoja. Tone lingine. Chii. Papa alichokoa matope mapya. Nilikuwa na haraka, nilitaka kumwona koko, lakini niliheshimu tone. Liliponyamaza tuliondoka, tukaenda, tukasimama tena mahali pengine. Hivyo ndivyo asubuhi ilivyokwisha.

Baada ya Bengamisa njia ilikauka, upepo ukawa mzuri, na piki ikaenda kama ya zamani. Nilifurahi nikaanza kuimba mgongoni kwa papa. Nikayatambua mashamba ya mihogo ya koko. Nikauona moshi wa kijiji juu ya michikichi. Papo hapo papa akazima injini, akashuka.

Alikaa juu ya gogo kando ya njia. Nikachovya kidole, nikadondosha. Tone halikulia. Lilikaa juu ya ubavu wa kwanza, likateleza hadi wa pili, wa tatu, likaanguka chini. Nikafikiri nimekosea mahali, nikadondosha jingine. Likateremka kimya. Nikaweka kiganja kizima. Ilikuwa vuguvugu, kama sahani iliyotoka kuliwa ugali.

"Bado iko moto," papa akasema. Hakuwa akiitazama. Alikuwa akitazama moshi.

Wanawake wawili walipita na vikapu, wakatusalimu, wakamtazama papa, wakainamisha macho, wakaenda. Jua lilichoma. Nzi walitua kwenye matope ya suruali yake na hakuwafukuza. Nikadondosha tone tena ili alione. Ndipo akanigeukia na kuniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake:

"Mama, uko unanikasirikia?"

Nilikuwa na miguu inayouma na kiu, na kazi niliyopewa nilikuwa nimeifanya sawasawa. Nikamjibu:

"Papa, motere imepola. Maji hailii tena."

Alinitazama kidogo. Akacheka kicheko kifupi kupitia puani, akasema, "Ni kweli. Imepola." Akainuka, akakanyaga kiki, ikawaka mara moja.

Tulisikia kilio kabla hatujafika kwenye kiwanja cha koko. Shangazi yangu, dada mdogo wa papa, alitujia mbio mikono kichwani. Akamshika papa shati.

"Sasa hivi tu, kaka! Sasa hivi tu! Alisikia piki kule kwenye mihogo. Akaniambia, 'Ni yeye, mniinue.' Tukamwinua. Kisha sauti ikakatika. Akangoja, akasema, 'Hapana, ni mtu mwingine.' Akalala."

 Papa alisimama pale, na nyuma yake injini ilianza: tik, tik.

Wageni walipouliza mbona tulichelewa, alisema motere ilichemka njiani. Ilikuwa kweli, ilichemka njiani. Nilikuwa nimekaa karibu naye kila mara aliposema, na hakuna hata mara moja aliponitazama. Mimi nilijua tulipokaa mwisho haikuwa imechemka. Lakini nilifikiri labda baba hujua joto ambalo tone la maji halijui. Watoto huwatafutia wazazi wao sababu.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa. Niliolewa, nikazaa, nikagombana na watu na kuogopa kuwarudia. Siku moja nilijikuta nimesimama nje ya mlango wa rafiki yangu, nafunga na kufungua kanga yangu ambayo haikuwa na kasoro. Nikaliona lile gogo. Nikafahamu kwamba papa alinichukua safarini si kwa sababu koko aliniita tu. Alitaka kuliweka neno lake kwangu kabla ya kuingia, kama desturi inavyoruhusu, ili aingie akiwa mwepesi. Na neno moja tu lingetosha. Hata mtoto angeweza kulisema. Mimi nilimpa hali ya injini.

Nilikusudia kumwambia. Tulikaa pamoja jioni nyingi uani, piki ikipoa mbele yetu. Nilimwuliza kuhusu oili, kuhusu plagi. Hakuna siku niliyomwuliza kuhusu gogo. Sasa alikuwa ndani ya sanduku, na pikipiki za wenzake zilikuwa zikitiktika kumzunguka.

Mwanangu wa kiume ana jina la papa. Ni mdogo, bado hatamki maneno yote. Namwita Papa, kama inavyotakiwa, na siku hiyo ya kilio alikuwa amesimama karibu na piki ya babu yake, iliyoletwa na kaka yangu nyuma ya jeneza. Alikuwa na kikombe cha maji mkononi. Hakuna aliyemfundisha, nadhani alimwona tu babu yake. Nikamwendea, nikapiga magoti mbele yake mbele ya watu wote, nikamwambia:

"Papa, sikukasirikii. Koko pia hakukukasirikia. Alisema wamwinue."

Mtoto alichovya kidole, akadondosha tone, akalisikiliza. Kisha akanishika bega, uso wake umejaa kazi.

"Mama, bado inalia," akasema. "Ngoja kwanza."

Watu wakacheka kidogo, kama wanavyocheka kilioni. Mimi nilibaki magotini. Ndipo nilipojua jibu langu lilivyosikika kwa papa, siku ile, pale juu ya gogo: kama neno la koko mwenyewe.