Viatu Vilivyorudi Nyumbani

Ilianza Jumapili, saa kumi na moja jioni, jirani yetu alipoingia na viatu vya mama mkononi.

Mama anashona unifomu katika kiwanda kimoja mjini. Mdogo wangu hajaanza kutembea, lakini viatu vyeusi vya kazi anavijua. Akiviona anashika sketi ya mama na kulia mpaka anatapika. Kwa hivyo viatu vilikuwa vinalala kwa jirani. Kila asubuhi mama alitoka na slipa kama mtu anayeenda chooni, mtoto akapewa uji huko kwa jirani, aliyemtunza mchana kutwa, naye mama akavaa viatu nyuma ya nyumba na kutoroka. Hapa Kiplombe hakuna anayecheka maneno hayo. Wamama wengi wa ploti hizi za kupanga hutoroka hivyo hivyo.

"Nimekurudishia," jirani alisema, na hakukaa. "Na mimi nimeitwa kazi. Shamba la mahindi, Moiben. Naanza kesho."

"Kesho? Na huyu?"

"Huyu afande wako? Ama nimtie kwa gunia niende naye?" Akacheka peke yake. "Nisamehe, mama. Na mimi nina watoto."

Mama hakumkasirikia. Hiyo ndiyo iliniuma. Alimpa hongera, akamshika mkono vizuri.

Msichana wetu wa mwisho wa kazi alienda kwao, kijiji cha Ziwa, kusalimia wazazi, akaolewa. Shangazi ana duka lake. Na msimamizi wa mama alikuwa ameshamwonya: akikosa kufika tena kwa sababu ya mtoto, asirudi. Mama akampigia baba, ambaye anafanya kazi ya mjengo mbali, akaweka simu kwa spika.

"Si ukae tu nyumbani, mama watoto. Kwani wamama wa zamani walikuwa wanaenda wapi?"

"Walikuwa wanaenda shamba, na mtoto mgongoni. Mimi nitambeba nikiwa kwa mashine?"

"Sasa unataka nini?"

"Nataka yote mawili," mama alisema, na akakata simu.

Nilikuwa nakata mboga, sukuma wiki. Nilitaka kusema nitabaki mimi, muhula mmoja tu. Mama akanitazama.

"Usithubutu hata kufikiria. Kesho unavaa unifomu unaenda."

Nilifurahi. Halafu nikaichukia ile furaha, na bado naichukia nikiandika.

Mtoto alikuwa ameviona viatu. Alilia akigongesha kimoja sakafuni, na mama akaketi mbele yake miguu mitupu. "Siendi. Ona, siendi." Hakumwamini. Alilia mpaka usingizi ukamchukua, na mama akapiga pasi dastikoti, koti la kazi alilopewa na kiwanda, hata kola, kama ya mtu anayeenda kuivaa.

"Kesho irudishe, mpe askari wa geti," aliniambia. "Usieleze sana."

Asubuhi nilipitia kiwandani kabla ya shule. Wanawake walikuwa wanaingia kwa haraka, wengine bado wanafunga vitambaa. Askari akauliza dastikoti ni ya nani. Nikamwambia.

"Yule mama wa kola ya pasi? Ni mgonjwa?"

"Hapana. Amebaki na mtoto."

"Aa. Basi atarudi."

Nikaiweka dastikoti mezani kwake. Mfukoni mwake kulikuwa na kitu kigumu. Nikakitoa, kumbe ni mkasi mdogo wa kukata nyuzi. Nikauliza kama ni wa mama au wa kiwanda.

"Wa kiwanda," alisema.

Nikauweka juu ya dastikoti, nikaenda shule.