Josepha na Mwenye Ukungu

Mwalimu Careen alipopanga chumba cha uani kwa Josepha, pale Kasulu, mwaka 2013, alikuja na godoro, jiko la mafuta ya taa, masanduku mawili ya vitabu na kifuko cha kitambaa kilicholia kachakacha kila alipokigusa. Josepha hakuuliza kilichomo. Alikuwa karani wa masjala kwenye ofisi ya serikali kwa miaka kumi na tisa, na kazi ile ilikuwa imemfundisha kwamba mtu ukimwacha kidogo atasema mwenyewe.

Hata mwezi haukuisha. Jumamosi moja alasiri alirudi sokoni na mkungu wa ndizi kichwani, akakuta watu watatu wamezunguka meza barazani kwake. Mmoja alikuwa Careen. Wa pili alikuwa Khatibu, mhandisi wa maji kutoka Pemba, mtu mrefu mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu. Wa tatu alikuwa Cyriaque, Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu, mkalimani wa shirika moja, ambaye Jumamosi alipewa kibali cha kuja mjini kununua sabuni na betri za kibanda cha mkewe. Katikati ya meza kulikuwa na ramani ya mkono, penseli, na dadu za rangi ambazo Josepha hakuwahi kuona mfano wake. Moja ilikuwa na pande ishirini.

"Mnacheza kamari nyumbani kwangu?" aliuliza, bado na mkungu kichwani.

"Hapana, Mama Esteri," Careen akasimama upesi. Esteri alikuwa binti pekee wa Josepha, aliyekuwa akisomea uuguzi Kigoma. "Ni hadithi. Kila mmoja anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi na kuamua anafanya nini. Mimi ndiye msimuliaji. Dadu inasema kama amefaulu."

Mchezo huo aliurithi kwa mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo aliyefundisha naye hesabu, akaondoka na kumwachia kitabu na kile kifuko. Careen aliyatafsiri mambo yote kwa Kiswahili, akaacha yaliyomchosha. Shida yao siku ile ilikuwa moja. Mwenzao wa nne, Isack wa idara ya ardhi, alikuwa amehamishiwa Kakonko kwenye wilaya mpya, na hadithi ilitaka watu watatu wa kupanda mlima.

"Basi kaa wewe, Bi Josepha," Khatibu akasema kwa utani. "Utakuwa mwizi badala ya Isack."

Josepha akatua mkungu. "Mwizi siwi. Nitakuwa muuza chumvi."

Wakacheka, ila Careen akampa karatasi. Alama kumi na tano za kugawa kwenye nguvu, wepesi, akili na ulimi. Khatibu, ambaye mtu wake alikuwa askari mwenye upanga wa moto, alikuwa ameweka tisa kwenye nguvu. Cyriaque alikuwa mpiga gitaa ambaye nyimbo zake zilifungua makufuli.

"Nguvu niandikie moja," Josepha akasema. "Wepesi moja, kwa magoti haya. Akili tatu. Zilizobaki zote tia kwenye ulimi."

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Nyuki wote wa nchi walikuwa wamehama, mizinga imebaki mitupu, na malkia wao amefichwa nyuma ya mlima. Njia ya mlimani ililindwa na Mwenye Ukungu, pepo mzee kuliko mawe. Bila hisani yake hakuna aliyepita, kwani aliyekubaliwa naye alipewa macho ya kuona ndani ya ukungu, na aliyekataliwa alizunguka hadi viatu vikaisha. Nyanya yake Josepha, kule Kasanda, angemwita igisigo, pepo wa milimani kwa Kiha, na angepita mbali.

Khatibu alikwenda kwanza. Akachomoa upanga, akadai njia. Akarushwa hadi chini ya mlima. Akapanda tena, akadai kwa sauti kubwa zaidi, akarushwa tena. Cyriaque akapiga gitaa, akaimba sifa za pepo kwa beti nne. Mwenye Ukungu akasinzia.

"Mama Esteri, zamu yako," Careen akasema. "Umesimama mbele ya ukungu. Unafanya nini?"

"Sijafika mbele. Niko mbali kidogo. Nakohoa."

"Unakohoa?"

"Eee. Huwezi kumzukia mtu mlangoni kwake kama kuku."

Careen akaandika kitu. Kisha akaibadili sauti ikawa nzito. "Nani huyo anayekohoa?"

Josepha akakusanya viganja, akapiga makofi taratibu, kama wafanyavyo Waha wanapomsalimu mkubwa. "Mwidiwe," akasema.

Careen alikuwa mtu wa Rombo, ila salamu hiyo alishaisikia kila siku dukani. "Mwidiwe," sauti nzito ikajibu.

"Umeshindaje hapo kwako?"

"Nimeshinda."

"Na baridi hii? Ukungu hauumizi kifua?"

Careen akasita. Kitabu hakikusema lolote juu ya kifua cha pepo. "Unaumiza kidogo," akasema hatimaye, "hasa nyakati za masika."

"Pole sana. Watoto hawajambo?"

"Sina watoto."

"Ndugu?"

"Nilikuwa na ndugu kwenye mlima wa pili. Hatusemezani tangu... tangu zamani."

Khatibu akashika kichwa. "Bi Josepha, mbona wamuuliza habari za nduguze na sie twataka njia?"

"Ngoja, mwanangu. Njia haikimbii."

Aliendelea hivyo kwa robo saa. Wote walikuwa wameinama kumsikiliza. Josepha aliligundua hilo ghafla, na kitu kikamgusa. Ofisini alikuwa mtu wa kuleta faili na kuondoka. Wenye digrii walizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba ni kabati. Leo mhandisi, mwalimu na mkalimani wa lugha tano walikuwa wameacha karanga ili wasikie atasema nini.

Kisha Careen akamkabidhi ile dadu ya pande ishirini. "Unahitaji kumi na mbili, pamoja na alama zako za ulimi."

Josepha akarusha. Ikatoka moja. Cyriaque akafunika macho.

"Kumi na moja tu," Careen akasema kwa masikitiko. "Imepungua moja. Tena moja ya dadu ni balaa. Mwenye Ukungu amechukizwa. Umemkumbusha ndugu yake."

"Hapo nimekosa kweli," Josepha akakubali, wala hakubishana. "Namwambia anisamehe. Namwekea kibaba cha chumvi juu ya jiwe. Naaga, nashuka."

"Bila kuomba chochote?" Khatibu akaruka.

"Siku ya kwanza huombi. Kule masjala nimewaona wanaoingia kwa mkubwa na shida mkononi. Wanatoka nayo mkononi."

Kwa hiyo ikawa Jumamosi tatu. Ya pili, Josepha alipanda mlima kumuuliza Mwenye Ukungu kama chumvi ilimfaa, akashuka. Ya tatu, alimpelekea salamu kutoka kwa ndugu wa mlima wa pili, maana alikuwa amemzungukia huyo naye akamwamkia, na Careen alilazimika kukesha na kalamu akimtungia ndugu huyo jina na ugomvi. Kila ziara Careen aliiandikia alama moja ya heshima. Askari wa Khatibu alibaki chini ya mlima akinoa upanga. "Huu upanga sasa wafaa kukatia vitunguu tu," akalalamika.

"Maman, weye unamusalimia ile pepo mpaka mbuzi yake," Cyriaque akasema, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Hapana choka. Minataka kuona mwisho."

Lililokuja ni jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu. Jirani yao wa upande wa pili wa ua, Siti, muuza maandazi, alikuwa akianua nguo Jumamosi ile ya tatu. Akasikia sauti ya Josepha, mtu mzima, msharika wa kanisa, ikisema waziwazi, "Ewe usiyelala, chumvi yako ilikufikia?" na sauti nzito ikijibu, "Ilinifikia." Siti hakuanua nguo zilizobaki. Hadi Jumatatu, nusu ya soko ilijua kwamba yule mwalimu wa Kilimanjaro amekuja na jini kwenye kifuko, na kwamba Mama Esteri analilisha.

Jumamosi iliyofuata Mzee Reverien alisimama kwenye ngazi za baraza. Alikuwa mzee wa kanisa, mtendaji wa kata mstaafu, koti limefungwa vifungo vyote, Biblia kwapani. Khatibu alipomwona akaifunika ramani kwa kofia yake. Careen akabaki na dadu mkononi kama mwanafunzi aliyekamatwa na kibomu cha kuibia mtihani.

"Josepha," mzee akasema. "Nimetumwa. Inasemekana hapa mnaita majini."

Josepha hakusema "siyo kweli." Akainuka, akapiga makofi taratibu. "Mwidiwe, mzee wangu."

"Mwidiwe."

"Mmeshindaje huko?"

"Tumeshinda."

"Na mama? Mguu umepata nafuu?"

"Umepata. Anatembea hadi kisimani."

"Namshukuru Mungu. Na yule ng'ombe mwekundu?"

Uso wa mzee ukalegea kabla hajauzuia. "Amezaa. Jike."

Kuna mtu gani wa Buha anayeweza kutaja ndama jike akiwa amesimama? Akakaa. Akapewa chai na viazi vitamu vya kuchemsha. Alipofika kikombe cha pili, Josepha akamweleza yote: hadithi, nyuki, mlima, dadu. Akamwonyesha karatasi yake. Mzee akaisoma kwa miwani, mstari kwa mstari, kama hati ya shamba.

"Kwa hiyo huyo pepo hayupo."

"Hayupo, mzee. Ni mwalimu anabana koo."

"Endeleeni, basi. Mimi nasikiliza tu. Nitakachosikia nitakipeleka."

Wakaendelea, kwa hofu. Siku hiyo ndiyo Josepha alikusudia kuomba. Akamweleza Mwenye Ukungu shida ya nchi, watoto wasiojua ladha ya asali, wazee wasio na pombe ya asali kwenye harusi. Careen, jasho limemtoka usoni, akabana koo. "Nitakupa macho ya kuona njia. Lakini nipe kwanza jina lako la siri, lile ulilopewa na nyanya yako."

Josepha akafungua kinywa.

"Usimpe!" Mzee Reverien akasema.

Wote wakageuka. Mzee akakohoa, akarekebisha Biblia mapajani. "Nasema tu. Mtu anayetaka malipo kabla hajaonyesha mali, huyo mimi nimehukumu kesi zake miaka ishirini na sita. Akishalishika jina, njia hutaiona."

"Mzee anasema kweli," Josepha akasema polepole, na hapo wazo likamjia. Akamgeukia Careen. "Mwambie Mwenye Ukungu mimi ni mwanamke, nina ukoo. Jambo kubwa hivi sijisemei mwenyewe. Nimekuja na mshenga."

"Mshenga yupi?" sauti nzito ikauliza.

Josepha akamtazama mzee. Khatibu akamtazama mzee. Cyriaque akamsogezea kiti mezani.

"Mimi ni mtu wa kanisa," Mzee Reverien akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Dadu siigusi."

"Nitakurushia mimi."

"Na kama ni hadithi tu..." Akaiweka Biblia dirishani, kwa heshima. Akafungua kifungo kimoja cha koti. "Haya. Mwambie huyo bwana kwanza atoe sababu ya kuomba jina wakati chumvi ameshakula."

Saa nzima ilipita. Mzee Reverien alikataa jina, akatoa chumvi kila mavuno. Mwenye Ukungu akataka chumvi kila mwezi mwandamo. Mzee akasimama, akaaga, akafika ngazini, akarudishwa. Akakubali mara mbili kwa mwaka, na mzinga wa kwanza wa asali, ila Mwenye Ukungu naye aende kumwamkia ndugu yake. Careen alikuwa amechoka hadi sauti ikampotea.

Josepha akarusha dadu kwa niaba ya mzee. Ikasimama kwenye nane. Mzee hakuwa na karatasi, hivyo hakuwa na alama za ulimi.

"Nane," Careen akanong'ona. "Kumi na mbili ndiyo..."

"Mwalimu," mzee akasema, "mimi ni mshenga. Nyuma yangu kuna aliyenituma. Alikwenda kumwamkia mara ngapi?"

"Mara tatu. Na ndugu yake mara moja."

"Kwa mwenye adabu hizo zinahesabiwa au hazihesabiwi?"

Careen akatazama daftari lake, alama nne za heshima kwa mwandiko wake mwenyewe. Nane na nne. Khatibu alikuwa wa kwanza kupiga kelele, naye ndiye aliyeililia njia siku zote. Cyriaque alisimama akacheza. Siti, upande wa pili wa ua, aliangusha beseni.

Jumapili mzee alitoa taarifa kwa mchungaji mbele ya wazee wenzake. Alisema ameikagua nyumba ya Josepha, hakuna jini, kuna mafunzo ya adabu kwa vijana waliopelekwa mbali na kwao, na kwamba yeye mwenyewe ataendelea kukagua. Akakagua kila Jumamosi kwa mwaka na nusu. Siti naye akaja kuomba radhi na sahani ya maandazi, akauliza kama bado kuna nafasi. Akawa mganga wa vidonda vya askari wa Khatibu, na kwa kila jeraha alimsomea kwanza makosa yake.

Mwaka 2015, Warundi walipomiminika kuvuka mpaka na Nyarugusu kujaa mahema, Cyriaque hakupata tena Jumamosi. Miezi michache baadaye Careen akahamishiwa Kibondo. Siku ya kufunga mizigo alimwachia Josepha kile kifuko na daftari.

"Mimi siwezi kusimulia," Josepha akasema. "Sijui kitabu."

"Mama, muda wote huu mimi ndiye niliyekuwa nakufuata wewe."

Alikaa na kifuko wiki tatu bila kukifungua. Wiki ya nne akamtuma Siti awaite. Walikuja Khatibu, Siti na Mzee Reverien. Josepha akavaa miwani, akatandaza ramani aliyoichora nyuma ya kalenda kuukuu, akawaambia kwamba wamefika kwenye mto ambao pepo wake hulala mchana.

"Ninachomoa upanga," Khatibu akasema.

"Chomoa," Josepha akamjibu. "Miguu umenawa?"